Sitini ya Shemeji

Jina la Sitini alipewa na wanafunzi wake, na kwa kweli alilistahili. Alikuwa mwalimu wa udereva, miaka ishirini na miwili anafundisha watu kukanyaga breki, na yeye mwenyewe akiwa barabarani mshale wa spidi ukigusa sitini ndiyo basi, hapo ndipo mwisho wa dunia. Malori yapige honi nyuma yake, mabasi yamuwashie taa, watu watoe vichwa madirishani wamtukane, yeye hana habari. Mkewe alikuwa amekaa nyuma yake kwenye pikipiki mwaka nenda mwaka rudi, na alishazoea kupitwa na kila kitu chenye magurudumu.

Fundi wetu alikuwa mdogo wake huyo mke, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa na karakana ya pikipiki nyuma ya kituo cha mafuta, chumba kimoja cha mabati na uwanja mdogo ulioloa oili. Baina yake na Sitini ilikuwa utani asubuhi, utani jioni. Akimuona tu anaingia, anaacha spana na kuwatangazia wateja: "Jamani, mpisheni shemeji yangu, katoka kwake juzi ndiyo anafika!" Sitini naye hakuwa wa kuachwa: "Mimi nachelewa kufika, shemeji, lakini pikipiki unazotengeneza wewe hazifiki kabisa." Watu wanashika mbavu, na kazi inaendelea.

Alhamisi moja Sitini akaja bila utani. Alikuwa na pikipiki ngeni, aliyoipata kwa mtu wa milimani, na kila Jumamosi aliitumia kwenda na mkewe kumuona mama mkwe, kilomita tisini za lami tupu.

"Shemeji, hii kitu inaniua," akasema hata kabla hajavua kofia ngumu. "Nikifika sitini injini inalia kama cherehani. Mikono inakufa ganzi. Dada yako akishuka kwa mama hawezi kusimama, anashika ukuta kama mlevi. Hakuna dawa?"

Fundi alichuchumaa ubavuni mwa pikipiki, akahesabu meno kwa kidole. Sproketi ndogo ya mbele, ile inayotoka kwenye injini na kuvuta cheni, ilikuwa na meno kumi na manne. Ile kubwa ya gurudumu la nyuma, arobaini na mawili.

"Umebeba gia za mlimani, shemeji. Hapa tairi likizunguka mara moja, hii ndogo imeshazunguka mara tatu. Ni nzuri ukipanda na magunia, lakini kwenye lami ni mateso. Nikikufungia kumi na sita mbele na arobaini nyuma, itazunguka mara mbili na nusu tu. Mwendo ule ule, injini imetulia."

"Na nikikuta mlima?"

"Utashusha gia upande kama binadamu wengine. Au ushuke usukume, mbona mwendo wako ni huo huo?"

Hapo Sitini akacheka, na fundi akaingia kazini. Na ile kazi aliifanya vizuri, tusimwonee. Alifungua kava, akanyoosha bati linalozuia nati, akatoa sproketi ya zamani na kuisafisha pale ilipokaa kabla ya kuvalisha mpya. Akafungua gurudumu la nyuma, akabadili ile kubwa, akaweka na cheni mpya ili meno mapya yasiliwe na cheni iliyochoka. Akavuta gurudumu mpaka alama za kushoto na kulia zikalingana, akapima ulegevu wa cheni kwa vidole viwili, akakaza kila kitu. Breki akazijaribu mara tatu. Mtu angekuja na tochi asingeona kosa.

Kosa halikuwa kwenye nati. Pikipiki nyingi alizozoea zinapima mwendo kwa waya unaotoka gurudumu la mbele, kwa hiyo ukibadili sproketi mshale hauna habari. Ya Sitini haikuwa hivyo. Yake ilikuwa na kidubwasha kidogo kilichokaa ndani, jirani na sproketi ya mbele, kinahesabu mizunguko yake na kuipeleka kwenye mshale. Sproketi ikizunguka polepole, mshale unadhani pikipiki inakwenda polepole. Fundi alilijua hilo tangu hajashika spana. Alishawahi kumwambia mteja mmoja, na akampakia tone la rangi nyekundu kwenye kioo cha spidi, pale mshale unapopaswa kusimama kuanzia siku hiyo.

Basi Sitini akaichukua kwenda kuijaribu barabara kuu, akarudi baada ya dakika ishirini, uso umekunjuka kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

"Shemeji! Sitini! Sitini kamili, na injini kimya, kama haipo! Mikono hii, tazama, haitetemeki!"

Fundi akapiga hesabu kichwani. Mshale ukisema sitini, tairi linakwenda sabini na mbili. Akafungua mdomo amwambie. Alikuwa na kichupa cha rangi nyekundu pale pale kwenye rafu, sentimita chache kutoka kwenye mkono wake. Kisha kicheko kikampanda. Sitini anakwenda sabini na mbili! Sitini huyu huyu, anayeandika ubaoni kwamba kukimbia ni ugonjwa, anapasua upepo huku anajisifu kwa utulivu! Fundi akaona Jumapili itakavyokuwa, wote wamekaa kwa dada baada ya chakula, naye anauliza kwa upole, "Hivi shemeji, jana mlifika mapema eh?" Halafu anammwagia ukweli mbele ya watu. Wangecheka mwaka mzima.

Akafunga mdomo. "Iko vizuri, shemeji," akasema. "Itumie."

Ndivyo ilivyokuwa, na ukitaka kumtetea utasema siku tatu tu, na sabini na mbili si mwendo wa kuua mtu. Yeye mwenyewe alijitetea hivyo hivyo, tena mara nyingi.

Jumamosi saa nne asubuhi simu ikaita. Alikuwa Sitini, na sauti yake fundi hakuitambua mara moja. Walikuwa wamefika kwenye kona inayoteremka kuelekea daraja dogo, ile yenye bango la kuruhusu sitini. Lori lilikuwa limemwaga mchanga hapo. Miaka yote Sitini aliipita kona ile na akakuta mchanga, matope, mbuzi, kila kitu, na akapita salama. Safari hii tairi la nyuma lilimtoroka. Yeye alichunika kiwiko na goti. Mkewe alitupwa ng'ambo ya barabara, na mfupa wa paja ukavunjika.

Fundi alipoingia wodini alimkuta dada yake amelala chali, mguu umevutwa kwa kamba yenye uzito uliokuwa ukining'inia mwisho wa kitanda. Mama yao ameshafika, amekaa kwenye stuli, kanga ameikamata mdomoni. Sitini amesimama ukutani na shati lenye damu iliyokauka.

"Ulikuwa unakimbia," dada alikuwa akimwambia mumewe. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Sitini, mke wangu. Nakuapia. Nilikuwa naangalia mshale."

"Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma yako. Upepo wa sitini naujua unavyopita masikioni. Ule haukuwa huo. Ulipata pikipiki laini, ukataka kuonja. Kama ungesema 'nimekosea, mke wangu, nilijisahau,' ningekuelewa. Lakini unanitazama mimi na mguu huu, unanidanganya?"

"Sitini," Sitini akarudia, kama mtu aliyebakiwa na neno moja.

Dada akageuza kichwa kwenye mto, akamtazama mdogo wake.

"Wewe ndiye uliyeishika pikipiki ile. Ina tatizo lolote?"

Hapo ndipo, ndugu msomaji, ilipobidi aseme. Maneno yalikuwepo, mafupi kabisa, hayajazi hata sentensi moja. Lakini mama alikuwa akimtazama, mama ambaye huko kwake kila jirani anajua kwamba mwanawe ni fundi ambaye hajawahi kurudishiwa kazi. Na ule mguu ulikuwa umevutwa kwa kamba mbele yake.

"Haina tatizo, dada."

"Una hakika? Breki, tairi, hizo gia ulizobadili?"

"Nina hakika. Kila kitu kiko sawa."

Na ukiangalia kwa jicho la kitapeli, hakusema uongo. Kila kitu kilikuwa sawa. Dada akafumba macho. Mama akamgeukia mkwe wake, akatoa kanga mdomoni.

"Nilikukabidhi mtoto mzima," akasema. "Ukamvunja, na uongo juu."

Mkwe hambishii mama mkwe, na Sitini alikuwa mtu wa adabu. Alitazama tu sakafu, na fundi akatazama sakafu hiyo hiyo.

Wiki sita dada alilala pale. Fundi alikwenda kila siku, na kila siku alipopanda ngazi za wodi alikuwa ameshajipanga: leo nasema. Akifika anakuta muuguzi, au jirani, au dada ana maumivu, au dada anacheka kidogo na si vizuri kumharibia. Sababu hazikumpungukia. Akirudi karakana anafanya kazi kimya, na wateja wakaanza kuulizana fundi ana nini, mbona siku hizi hatanii mtu. Mmoja akamwambia pole kwa ajili ya dada yake, na fundi akaitikia "asante" huku akijiona mwizi. Alijichukia. Alijichukia akiwa anakula, alijichukia akiwa anafunga plagi, na kile kichupa cha rangi nyekundu akakitupa jalalani maana hakuweza kukitazama.

Sitini naye alikuwa akiyeyuka. Mkewe alipokea chakula alichomletea, akasema asante, akageukia ukutani. Sitini alikwenda kupimwa macho, akaambiwa yako salama. Akapimwa presha, iko sawa. Hilo halikumfurahisha hata kidogo, kwa sababu ikiwa macho ni mazima, basi kilichooza ni kichwa. Mwisho akamwendea mkuu wa chuo cha udereva na kumwambia kwamba mtu anayeona sitini mahali ambapo hakuna sitini hafai kukaa na mwanafunzi kwenye gari. Mkuu akambembeleza, akakataa. Wakampa meza ya kuandikisha majina. Mwalimu wa miaka ishirini na miwili, anawauliza vijana tarehe zao za kuzaliwa.

Kisha dada akatangaza kwamba akiruhusiwa hatarudi kwake. Atakwenda kwa mama. Hakusema kwa siku ngapi, na mama ameshahamisha kitanda chake mwenyewe kumpisha. Gari limeshaagizwa kwa Jumanne asubuhi.

Jumatatu, siku moja kabla, fundi alifanya jambo ambalo hata kulisimulia linatia aibu. Pikipiki ya Sitini ilikuwa karakana tangu ajali. Fundi akaivuta ndani, akafungua kava, akashusha kutoka rafuni zile sproketi za zamani, za meno kumi na manne na arobaini na mawili. Mpango ulikuwa rahisi. Angezirudisha, mshale ungesema kweli tena, na hata aje bingwa wa mabingwa kuipima asingeona kitu. Alikuwa ameshalegeza nati ya mbele Sitini alipotokea mlangoni.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Nakurudishia gia zako za zamani."

"Za nini? Siipandi tena. Kama kuna mtu anaitaka, mpe ilivyo." Akaingia, akavuta tairi kuukuu, akalikalia. Alikuwa amekonda. Alikaa kitambo akichezea kipande cha cheni. "Nimekuja kukushukuru, kwa kweli. Mke wangu ananiona muongo. Mama ananiona muongo. Kazini wananionea huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Wewe peke yako hujanisema hata neno. Kila siku nilikuwa nasubiri useme, maana yule ni dada yako, una haki. Hukusema."

Spana ikamponyoka fundi mkononi. Hakuiokota.

"Shemeji, hukukimbia," akasema.

"Nashukuru kwa kuniamini."

"Si kukuamini. Najua. Mshale ulikudanganya. Nilipobadili gia, mshale ukawa unasoma pungufu. Ukiona sitini, unakwenda sabini na mbili. Nilijua utakudanganya, nikanyamaza."

Sitini aliacha kuchezea cheni. "Ulijua lini?"

"Alhamisi ile ile."

"Kabla hatujasafiri?"

"Kabla."

"Na hospitali? Dada yako alipokuuliza mbele yangu?"

"Nilijua."

Nje pale kituo cha mafuta mtu alikuwa akibishana na mwenzake kuhusu foleni. Sitini aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akainuka, akaokota spana, akampa fundi.

"Kaza hiyo nati. Iache ilivyokuwa siku ile. Tunakwenda barabarani."

"Shemeji, si umesema huipandi tena..."

"Nimesema kaza."

Akakaza. Sitini akashika usukani, fundi akakaa nyuma na simu mkononi, ile programu ya ramani inayoonyesha mwendo ikiwa wazi. Walipotoka nje ya mji Sitini akaongeza moto taratibu, mwili wote umekakamaa, mpaka mshale ukafika pale alipouzoea.

"Mimi naona sitini," akapaza sauti kupitia kofia. "Wewe soma!"

"Sabini na moja. Sabini na mbili!"

"Soma tena!"

"Sabini na mbili, shemeji!"

Alimsomesha mara nne, akipunguza na kuongeza, kama anavyowafanya wanafunzi wake. Kisha akaweka pembeni, akazima, akavua kofia, akakaa juu ya kingo za barabara. Akalia. Alilia waziwazi, mtu mzima mwenye mvi, malori yakimpita, wala hakujificha uso.

"Kwa hiyo sijarukwa na akili," akasema. "Wiki sita, shemeji. Nilikuwa najiambia ndiyo naanza hivyo, kesho nitasahau hata jina langu. Nilikuwa naandika kwenye daftari kila ninachokiona, nikarudi kuhakikisha. Nyanya sita mezani, naandika sita, nahesabu tena."

"Nisamehe."

"Kwa nini hukuniambia? Nieleze tu, nataka kuelewa. Ulisahau?"

Kusahau kungekuwa kuzuri. Sitini alikuwa anampa mlango, na fundi aliuona umefunguliwa. Safari hii hakupita.

"Sikusahau. Nilitaka kukucheka. Jumapili, mbele ya watu wote. Ulikuwa utani."

Sitini akapangusa uso kwa mkono wa shati, akamtazama.

"Haya," akasema. "Cheka."

Fundi akainamisha kichwa. Alitamani Sitini ampige, walau kofi moja, lakini Sitini hakuwa mtu wa kupiga watu. Walikaa hivyo mpaka jua likaanza kuwachoma migongo.

"Labda hata kwa sitini tungeanguka," Sitini akasema mwishowe. "Mchanga ulikuwa mwingi. Hilo hatutalijua, mimi wala wewe. Lakini dada yako mimi simwambii. Nikimwambia mimi ataona nimetafuta wa kumsingizia, tena mdogo wake. Alikuuliza wewe. Mjibu wewe."

Jumanne asubuhi fundi alifika hospitali mapema kuliko wote. Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo za safari, magongo mawili yameegemezwa kando, begi limefungwa. Sitini akaingia baada yake, akabaki mlangoni. Dada alimuona, akageuka kutazama dirishani, kule gari lilikokuwa likisubiri.

"Dada," fundi akasema, "uliniuliza pikipiki ina tatizo gani."

"Ukaniambia haina."

"Nilikudanganya."

Akaeleza. Alieleza vibaya, akaanzia katikati, akarudi kwenye meno kumi na manne, akajichanganya, lakini hakuacha kitu. Rangi nyekundu aliitaja. Jumapili aliitaja. Hata nati aliyoilegeza jana ili afiche ushahidi aliitaja, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Dada hakulia wala hakumrukia. Alimsikiliza mikono ikiwa juu ya paja lile bovu.

"Nilikuuliza mara ngapi siku ile?"

"Mara mbili."

"Mara mbili. Na mume wangu amesimama pale ukutani, damu shati zima, unamuona. Mguu nimeshakusamehe. Nakwambia kweli. Utani ni utani, sote tulikuwa tunamtania, hata mimi ningecheka hiyo Jumapili. Lakini wiki sita nimegeukia ukuta. Mtu analeta uji, anasimama hapo na kikombe, mimi nageukia ukuta. Alikuwa anasema kweli, na mimi nageukia ukuta! Hizo siku unanirudishiaje?"

"Sijui, dada."

"Hujui." Sasa sauti ikamkatika. "Mama alimwambia maneno ambayo hata adui humwambii. Akayasambaza kwa majirani, kwa wajomba, kwa kila aliyepiga simu. Na wewe ulikuwa unakuja hapa kila siku unanimenyea machungwa."

Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Sitini alikuja haraka, akasimama mbele yake, hajui aushike au asiushike, mpaka mkewe akaushika mkono wa mumewe na kuuweka shavuni.

"Nisamehe, mume wangu," akasema. "Nipeleke nyumbani."

"Ngazi tatu za pale mlangoni utaziweza?"

"Utanibeba. Polepole, kama kawaida yako."

Sitini akacheka kicheko kibovu kilichochanganyika na kilio, akainama kutafuta kiatu kimoja cha mkewe chini ya kitanda. Fundi naye akainama ili asaidie, akachukua begi.

"Liache," dada akasema. "Mume wangu atalichukua." Akamtazama mdogo wake, macho mekundu lakini makavu. "Mama amehamisha kitanda, amepika, yuko barazani anasubiri gari. Mimi sitampigia simu, na mume wangu hatampigia. Lile gari lilikuja kumchukua mtu wa kwenda kwa mama. Panda wewe."

"Dada, niambatane nanyi kwanza niwafikishe, halafu..."

"Panda wewe."

Akashuka ngazi za wodi mikono mitupu. Dereva alikuwa amesogeza kiti cha mbele mpaka mwisho ili kupata nafasi ya mguu, na kiti cha nyuma kimejaa mito minne ambayo mama aliituma tangu jana. Akamtazama fundi akiingia katikati ya mito ile na kufunga mlango.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Haji. Twende tu."

Dereva akainua mabega, akawasha gari. Alikuwa ameonywa kwamba anabeba mfupa uliovunjika, kwa hiyo alitoka mjini kwa mwendo wa taratibu, akikwepa kila shimo. Walipofika barabara kuu akamtazama fundi kwenye kioo.

"Basi kama hakuna mgonjwa, kaka, si nikanyage kidogo tufike?"

"Hapana," fundi akasema. "Nenda hivyo hivyo."

Alikuwa bado hajapata neno la kwanza la kumwambia mama.